Sauti ya Bi Rukia Iko Nyumba Gani?

Kijiwe cha Rahaleo kiko ubavuni mwa kibanda cha Shafii, fundi simu, na benchi lake lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali. Hakuna jambo lililowahi kukishinda kijiwe hiki. Hapo huchaguliwa kocha wa timu ya taifa, huelezwa kwa nini mkorosho mmoja huzaa na wa pili wake hugoma, na majirani hutibiwa kisukari bila kuonwa, yote hayo kabla birika la Rajabu halijafika nusu. Rajabu ndiye muuza kahawa, na pale wanamwita Tangawizi, maana huitia hata kwa asiyeitaka. Lakini Jumamosi ile, saa tatu na nusu asubuhi, simu ya Shafii ililia. Mikono yake ilikuwa imeshika kioo cha simu ya mteja, akabonyeza sauti ya nje kwa kiwiko, na kijiwe kizima kikasikia.

— Shafii! Mtambo wako unanuka!

Alikuwa Bi Safina, shangazi yake, anapiga kutoka Mikindani.

— Unanuka nini, shangazi?

— Unanuka pasi iliyosahauliwa! Na unanguruma. Nimeshika swichi hapa, nizime?

— Usizime kwanza! Nakupigia sasa hivi.

Huo mtambo ulikuwa kompyuta chakavu, mmoja kati ya ndugu watatu. Wa kwanza ulikaa chini ya meza ya Shafii hapo Rahaleo, wa pili kwenye duka la vifaa vya shule la Mathayo kule Mtawanya, wa tatu katika nyumba ya mawe ya Bi Safina. Hadija, mpwa wake Shafii aliyesomea mambo hayo chuoni, alikuwa ameziunganisha kwa intaneti zikawa kama jengo moja lenye maghala: unaweka kitu hapa, nakala zake zinakaa kwingine. Humo Shafii alihifadhi video za harusi alizopiga mji mzima. Humo pia alihifadhi kitu ambacho asingekibadilisha kwa harusi zote za Mtwara, sauti za wazee saba wa Mikindani aliowarekodi kwa miaka minne, wa kwanza wao bibi yake mwenyewe, Bi Rukia. Wote saba walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. "Mjukuu wangu, hii amana," Bi Rukia alimwambia siku ya mwisho ya kurekodi. Kwa ajili ya kazi hiyo kijiwe kilimpa jina la Kinasa.

— Kinasa, mbona umebadilika sura? aliuliza Rajabu.

— Sijabadilika. Sina wasiwasi hata kidogo. Kila kitu kina nakala tatu. Nyumba tatu, nakala tatu. Ikifa moja, mbili zipo.

Aliyasema vizuri, ila bisibisi alikuwa ameishika kwa upande wa ncha.

— Umeziona? aliuliza mzee Bakari.

Huyu mzee Bakari alikuwa karani wa ghala la korosho kabla ya kustaafu, na pale kijiweni cheo chake ni Profesa. Methali anazo nyingi. Mahali pa kuziweka ndipo asipopajua.

— Nizione nini, Profesa? Sauti haionekani.

— Ahaa! Basi hazipo. Mimi nimekaa ghalani miaka ishirini na miwili. Gunia ambalo hulioni, halipo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo haba imeingiaje hapa? akasema Filipo.

Filipo ni bodaboda, pikipiki yake huegeshwa pale pale, na wanamwita VAR kwa sababu hakubali jambo lolote mpaka alione marudio.

— Imeingia kwa sababu sauti haikai nyumbani, alisema Profesa, akajiweka sawa. Sauti inasafiri. Bomba la gesi linaanzia Msimbati, linakwenda Dar es Salaam. Nyie mnadhani mle inapita gesi peke yake?

— Acha uongo, mzee!

— Uongo gani? Ukiweka sikio unasikia watu.

— Mimi naona ziko ukutani, alisema Rajabu huku akimimina. Nyumba za Mikindani zimejengwa kwa matumbawe. Tumbawe lina vitundu. Bibi wa watu kaongea mle miaka sabini, unafikiri maneno yalikwenda wapi? Yamo ndani ya chokaa.

— Basi tuchukue nyundo twende, nnongo, akasema Filipo. Tubomoe ukuta tumtoe bibi.

— Au ziko juu, Profesa hakukubali kupitwa. Setilaiti! Saa hizi Bi Rukia anapita juu ya Komoro.

— Bibi yangu hakuwahi hata kupanda ndege.

— Ndiyo ajionee. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Profesa, cha juu hakiinamiwi!

Wakacheka, na Shafii naye akacheka, lakini alikuwa ameshampigia Hadija mara mbili. Haikupita robo saa Hadija akatokea njia ya sokoni anatembea nusu anakimbia, kompyuta mgongoni.

— Shikamooni.

— Marahaba! kijiwe kizima kikaitikia.

— Mjomba, nipishe nikae. Umeshamwambia bibi Safina asizime?

— Nimemwambia. Lakini Hadija, si nakala tatu? Si hata ikifa?

— Tutaona. Kwa nini tubahatishe?

Akafungua kompyuta mapajani. Kioo kikawa cheusi tupu, hakina picha wala kitufe, kimstari kimoja tu kinapepesa.

— Imekufa na hiyo, alinong'ona Profesa.

— Haijafa, babu. Hapa sibofyi, naandika amri. Kuna kiprogramu kina kazi moja tu. Kinabisha hodi kila kompyuta, kinauliza wewe umeshika nini, halafu kinanichorea ramani. Maneno yake nimeyageuza Kiswahili ili mjomba asome mwenyewe. Naanza na harusi.

Akaandika mstari mmoja, akagonga. Kioo kikajichora:

GHALA: HARUSI
 |
 +-- nakala ya 1 -- RAHALEO ---- diski 1 -- hai
 +-- nakala ya 2 -- MTAWANYA --- diski 1 -- hai
 +-- nakala ya 3 -- MIKINDANI -- diski 1 -- hai

Kijiwe kikalipuka.

— Goli! Filipo alirusha kofia ya pikipiki. Goli safi, halina utata!

— Rahaleo! Ni sisi hao! Rajabu alielekeza kidole, kahawa ikamwagikia kandambili zake asijali. Andika tena tuone!

Profesa alikuwa ameinama mpaka miwani inagusa kioo.

— Mama wee, alisema taratibu. Miaka ishirini na miwili nilikuwa nazunguka na tochi kutafuta magunia. Kumbe ghala linaweza kuulizwa likajibu lenyewe!

Shafii akajiona mrefu. Akavuta kola ya shati.

— Si niliwaambia? Nyumba tatu. Haya Hadija, waonyeshe na ghala la wazee, tumalize ubishi tunywe kahawa.

Hadija akaandika. Akagonga.

GHALA: WAZEE
 |
 +-- nakala ya 1 -- MIKINDANI -- diski 2 -- hai
 +-- nakala ya 2 -- MIKINDANI -- diski 3 -- hai
 +-- nakala ya 3 -- MIKINDANI -- diski 4 -- hai

Rajabu, aliyekuwa ameshainua kidole, alikishusha.

— Marudio, alisema Filipo.

Hadija akaandika tena, herufi kwa herufi. Ramani ikaja ile ile. Mikindani, Mikindani, Mikindani.

— Mjomba, ghala hili aliliunda nani?

Shafii aliangalia bisibisi yake.

— Mimi.

— Lini?

— Baada ya mfungo, ulipokuwa Dodoma kwenye mitihani. Nilipata diski tatu mpya. Nikasema hizi ziwe za wazee peke yao, na ziende mahali pazuri kuliko pote. Hadija, wewe unaijua nyumba ile. Mtu akienda Hija anaweka vitu vyake wapi? Kwa Safina. Bangili za mama yako zilikuwa wapi miaka yote? Kwa Safina. Sanduku lake halijapoteza hata pini. Nikaona amana ikae kwenye nyumba ya amana.

— Zote tatu?

— Ningempa moja, ingekuwa sijamwamini.

Hata Rajabu alielewa. Pale Mtwara ukimwekea mtu mwaminifu theluthi ya mali yako na nyingine ukapeleka kwa jirani, umemtukana.

— Na programu haikukukataza? Hadija aliuliza kwa upole.

— Ilinikataza. Iliandika kwamba nakala zote ziko kompyuta moja, si salama. Ikasema kama nang'ang'ania, niandike neno la kulazimisha.

— Ukaandika.

— Nikaandika. Tena kwa herufi kubwa.

— Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, alisema Profesa, na hakuna aliyejua amekusudia nini, lakini hakuna aliyecheka.

Shafii alikaa benchini, upande wa mguu wa tofali. Alimzika bibi yake mara moja, na sasa, kwa kidole chake mwenyewe, alikuwa anakaribia kumzika mara ya pili, pamoja na wenzake sita.

— Mjomba, hujampoteza. Soma hapa mwisho wa mstari. Imeandikwa nini?

— Hai.

— Basi. Kompyuta ikizimwa huenda isiwake tena, lakini sasa hivi inawaka. Nahamisha nakala moja ije hapa, chini ya meza yako. Gigabaiti tisa. Mpigie bibi.

Simu ikawekwa kando ya birika, sauti ya nje.

— Shangazi, usizime!

— Na nyumba ikiungua?

— Fungua dirisha. Ipepee.

— Niipepee kwa kitu gani?

— Kwa kipepeo cha jiko!

— Shafii, nina vitumbua motoni.

— Shangazi, mama yako yumo humo ndani!

Upande wa pili likasikika dirisha likifunguliwa. Kisha ikasikika pwa, pwa, pwa, kipepeo kinapiga, na Hadija akagonga kitufe.

Filipo alipanda juu ya benchi.

— Na mpira umeanza hapa uwanja wa Rahaleo! Asilimia moja! Asilimia mbili! Wapo taratibu, wanapasiana nyuma!

— Shuka, utavunja benchi!

— Asilimia tisa, mzee baba, na Bi Safina anaendelea kuonyesha kiwango!

Watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni wakasimama. Mama mmoja akatua kapu la mihogo akauliza nani anacheza. Akaambiwa Mikindani na Rahaleo, akaamua kuishangilia Mikindani. Rajabu alimimina bila kuhesabu vikombe, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aanze biashara. Ikafika thelathini, ikafika arobaini na tano. Jua likapanda, Profesa akavua kofia, akavaa, akavua tena. Shafii alikuwa anasoma ile tarakimu midomo ikichezacheza.

Kwenye sitini na moja, tarakimu ikasimama.

— Nini? Shafii aliruka. Imekufa?

— Haijafa. Hadija aliangalia pembeni. Mjomba, bando limeisha.

— Haaa!

— Toeni simu! Washeni, nigawieni intaneti, mwenye chochote!

Filipo akatoa, ilikuwa na kidogo, ikasogeza mpaka sabini na tatu ikakauka. Ya Rajabu ikasogeza mpaka sabini na nane. Mama wa mihogo akatoa yake, ikafika themanini na tano. Kisha wote, bila kupanga, wakageuka kumwangalia Profesa. Miaka miwili mzee huyu alikuwa akisema sina bando, nionyeshe kwenye yako.

Profesa akakohoa. Akaingiza mkono ndani ya koti, polepole, akatoa simu iliyofungwa kwenye kitambaa.

— Gigabaiti kumi na nne! Hadija alipiga kelele.

— Profesa!

— Akiba haiozi, alisema Profesa kwa aibu.

— Leo methali imekaa! Imekaa! Filipo alimkumbatia mpaka miwani ikaanguka.

Themanini na tisa. Tisini na mbili. Kwenye simu kipepeo kilikuwa kimeanza kuchoka, pwa... pwa...

— Shafii, sasa ni moshi! Nauona moshi!

— Kidogo tu, shangazi! Asilimia chache zimebaki!

— Bega langu!

— Badilisha mkono! kijiwe kizima kilipiga kelele kwa pamoja.

Tisini na saba. Tisini na nane. Mama wa mihogo alikuwa amemshika Rajabu mkono na wote wawili hawakuwa na habari. Tisini na tisa ilikaa muda mrefu kuliko zote, mpaka Shafii akaanza kusoma dua aliyofundishwa na yule yule bibi. Halafu ikaandika mia moja, na papo hapo simu ikatoa mlio, paa.

— Shangazi?

— Imezima yenyewe. Imesema paa ikanyamaza. Mimi mzima. Vitumbua ndiyo vimeungua.

Hadija hakusubiri. Akaandika amri ya kuchora, akagonga.

GHALA: WAZEE
 |
 +-- nakala ya 1 -- RAHALEO ---- diski 2 -- hai
 +-- nakala ya 2 -- MIKINDANI -- diski 3 -- haijibu
 +-- nakala ya 3 -- MIKINDANI -- diski 4 -- haijibu

Kelele iliyopigwa pale ilisikika mpaka msikitini. Filipo alipiga honi mfululizo. Shafii alikaa chini mchangani akalia, na hakuona haya kulia, na Hadija akacheka huku akianzisha nakala nyingine iende Mtawanya kwa bando la Profesa lililobaki.

Katikati ya kelele hiyo akaingia mwanamke aliyebeba mkoba wa madaftari. Alikuwa Upendo, mwalimu aliyehamia wiki mbili zilizopita kutoka Njombe, kafuata simu yake yenye kioo kilichopasuka.

— Hodi jamani. Kuna nini leo?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Profesa alimpisha benchini. Tumeokoa wazee saba, mwalimu, wakiwa tayari wamekufa!

— Kinasa, tusikie basi, akasema Rajabu. Tusije tukawa tumeokoa upepo.

Ilikuwa haki. Shafii akajifuta uso, akafungua faili la kwanza, akaongeza sauti. Kuku alilia kwanza. Kisha Bi Rukia akakohoa, akaanza kusema, haraka, kwa raha, sauti inapanda na kushuka, Kimgao kile cha Mikindani ya zamani. Shafii alifumba macho. Aliona mkeka, aliona mikono ya bibi, aliona kikombe cha bati.

Bibi alisema kwa dakika nzima, akamalizia kwa neno moja, akacheka mwenyewe.

— Sauti nzuri, alisema Upendo. Anasema nini?

Rajabu alimwangalia Filipo. Filipo, mtoto wa Newala, alimwangalia Profesa. Profesa alimwangalia Shafii.

— Hapo, alisema Shafii, hapo mwanzo anataja... mwana. Na maji. Na kama mtu anakwenda mahali.

— Na pale alipocheka?

Miaka minne Shafii alishika kinasa mbele ya midomo ya wazee, akiangalia taa nyekundu kama inawaka. Alizaliwa Rahaleo, akasoma Rahaleo. Alikuwa akijiambia atauliza maana siku nyingine, kwanza arekodi.

— Sijui, mwalimu.

Ndipo kando ya birika kikasikika kicheko. Simu haikuwa imekatwa. Bi Safina, peke yake na moshi wake kule Mikindani, alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi.

— Mama huyo! Ati mpaka leo hajamsamehe! Umemsikia alivyomwita? Shafii, unajua hapo anasema...

Simu ikanyamaza. Dakika za Shafii nazo zimeisha.

— Nani mwingine anayeielewa lugha hii? aliuliza Upendo.

Profesa alifungua mdomo kutoa methali. Akaufunga.

Shafii aliingia kibandani, akarudi na kinasa sauti, akakipuliza vumbi, akapanda nyuma ya Filipo.

— Mikindani. Washa.

— Ngoja, mjomba. Hadija alimkabidhi Rajabu kompyuta ikiwa wazi. Usiifunike mpaka Mtawanya iseme hai. Mjomba sogea mbele.

— Wewe unakwenda wapi?

— Ukielewa wewe peke yako, ni nyumba moja. Sogea.

Wakaondoka mshikaki, watu watatu juu ya pikipiki moja, kinasa kikiwa katikati yao.

— Na simu yangu? aliuliza Upendo, pikipiki ikiwa imeshakata kona.

Rajabu aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Lilitoa tone moja na tangawizi. Pembeni yake Profesa alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto, anahesabu kwa vidole watu wa kwao wanaokijua Kimakua alichokuwa akisema mama yake, na hakufika kidole cha tatu.